Mistari Miwili ya Chai na Ramani ya Bomet

Ninyi wa kituo cha chai mmeniuliza mpaka nimechoka. Nikileta majani, swali. Nikinunua sukari, swali. "Mlienda Bomet kufanya nini hasa? Na mbona ulirudi umenyamaza, wewe ambaye hata ukienda kusaga mahindi unarudi na hadithi ya wiki nzima?" Basi nimeandika. Nikisimulia kwa mdomo nitafika mahali fulani katikati nishindwe, na mtasema nalilia kununuliwa chai.

Yule ambaye hanijui ajue hivi: mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwa baba kusubiri matokeo, na mpaka leo niko. Nina chai kidogo, ng'ombe wawili, na kiti kimoja kilichochukua umbo langu. Rodah, mke wangu, alikuwa akisema siku nitakayovuka Kericho kwa hiari yangu atachinja kuku. Nimevuka. Yeye hayupo, na kuku nimemwacha aendelee kutaga.

Kutoka mlangoni hadi Sosiot

Hatua ya kwanza ya safari ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, maana nyumba yangu inaiona barabara lakini haifiki. Simama kwenye mlango wa jikoni utaona malori ya majani yakipita juu kule, karibu kiasi cha kusoma namba zake. Lakini kati yangu na barabara kuna shamba la jirani yangu, Arap Rono. Zamani tulikatiza kwake. Kisha akawagawia wanawe shamba, mmoja akajenga nyumba pale pale tulipokuwa tukipita, na ua wa kayaba ukapandwa, wenye miiba mirefu kama kidole. Tangu hapo tunashuka hadi mtoni, tunavuka kwenye magogo, tunapanda hadi kanisani, halafu tunazunguka. Ni dakika hamsini kwa mtu mwenye miguu mizima.

Msimu wa mvua uliopita, pumu ya Rodah ilimshika asubuhi, mbaya kuliko zote. Tulipiga simu, gari likaja upesi. Lango la Rono lilikuwa na kufuli. Jamii yote ilikuwa imeenda koito, kuposa msichana wa watu. Joyce, dada yake Rodah, alikuwa amekuja kututembelea. Aliukata ule ua kwa panga mpaka mikono ikatoka damu, na ua haukumjali. Tukamkalisha Rodah kwenye kiti cha plastiki, watu wanne tukambeba, tukashuka mtoni. Gari lilikuwa juu barabarani likipiga honi. Tulishuka tukilisikia, tukavuka mto tukilisikia, tukapanda tukilisikia. Tulipofika kanisani dereva alikuwa bado anapiga honi, na Rodah hakuwa akisikia tena.

Baada ya mazishi watu wa mteremko wetu walikutana. Ikakumbukwa kwamba mashamba yalipopimwa, enzi za baba zetu, wapimaji walichora pia vijia vya umma, njia za miguu ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzifunga. Ramani hizo ziko serikalini, lakini mwananchi hazioni. Ikakubaliwa tusiombe ya kwetu peke yake. Tuombe zote ziwekwe wazi, bure, ukutani na kwenye tovuti, ili mama yeyote mwenye simu ajue njia yake iko wapi kabla hajaihitaji. Barua ikaandikwa, watu wakatia sahihi. Mjumbe nikachaguliwa mimi, kwa sababu sikuwepo mkutanoni, nilikuwa nyumbani. Joyce akachaguliwa kunichunga.

Niseme na lile ambalo halikuwa kwenye barua. Mimi nilitaka ramani iwekwe wazi ili Arap Rono aaibike mbele ya kaunti nzima. Nililala nalo na kuamka nalo.

Asubuhi ya safari nilipita kando ya mpaka wangu wa juu, pale penye mistari miwili ya chai iliyodumaa. Mnaijua, mmeicheka miaka yote. Chai nyingine inanifika kiunoni, ile inanifika magotini, mbolea ikimwagwa isimwagwe. Rodah aliiita wazee wawili. Mwisho wake kuna kichaka kizito kati ya nyua mbili, kichaka nilichodhani ni cha Rono, ambako kuku wangu huenda kuficha mayai. Nikapita, nikashuka mtoni. Joyce alikuwa ananingoja barabarani pale Sosiot, mwavuli mkononi.

"Shemeji, umebeba blanketi?"

"Kunaweza kuwa na baridi."

"Tunaenda Bomet. Si Ulaya."

Kericho mjini

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mwenye sweta na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alitupokea vizuri. Shida ni kwamba tulizungumza kwa robo saa nzima kabla hatujajua kwamba hatuzungumzi jambo moja.

"Mmesema njia gani?"

"Ya miguu," nikasema.

"Mnataka iwekwe murram?"

"Hapana mzee. Tunataka kuiona."

"Si mnaishi huko? Hamuioni?"

"Tungekuwa tunaiona," Joyce akasema, "tungekuja hapa?"

Mzee akafikiri, akavuta droo, akatupatia fomu ya kuomba greda la kusawazisha barabara. Mimi nikaanza kuijaza. Ndiyo, nilijaza nusu. Nimelelewa hivyo, nikipewa fomu na mtu mzima naijaza. Joyce aliichukua kutoka chini ya kalamu yangu, akaikunja, akamrudishia mzee kwa mikono miwili, kisha akamweleza upya polepole, pamoja na habari ya kiti cha plastiki. Mzee alivua miwani, akavaa ile ya kichwani.

"Pole sana," akasema. "Pole, mama. Pole, mzee." Akavuta kiti karibu. "Sasa niwaambie kitu kama mtu mwenye umri. Hizo ramani mimi naziogopa. Ukiziweka wazi zitaleta vita. Watu wanalala majirani, wanaamka maadui. Kila mtu anadhani njia imefungwa na mwenzake."

"Na kama ni kweli imefungwa na mwenzake?" nikauliza, na najua nilisema kwa kiburi.

"Basi ni kweli," akasema. "Lakini za upande wenu haziko hapa. Wilaya zilipogawanywa, kabati pia ziligawanywa. Za kwenu zilibebwa pamoja na za Bomet, ziko huko mpaka leo."

Akatuandikia jina la idara kwenye kipande cha karatasi, akatusindikiza hadi ngazini. Nilimwona mwoga. Leo nikimkumbuka namwona mtu mwenye adabu aliyejaribu kunionya bila kujua ananionya nini.

Litein, kwenye mvua ya mawe

Probox tuliyopanda ilikufa Litein. Haikuzimika tu, ilitoa sauti kama ng'ombe anayekohoa, ikakaa kando ya barabara, na dereva akafungua boneti kwa uso wa mtu anayefunua marehemu. Tukaambiwa dakika kumi. Zikawa saa tatu. Mvua ya mawe ikaja, ile inayowafanya wenye chai wote mshike vichwa, na tukakimbilia kibanda cha mzee aliyekuwa anachoma mahindi.

Jina lake Ouma. Kwao ni upande wa ziwa, lakini alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai na akachuma chai ya kampuni mpaka mgongo ukakataa. Alituchagulia mahindi laini, akayapaka pilipili na ndimu bila kuuliza, akatutazama tukila kama daktari anayengoja dawa ishike.

"Huyu bwana yako haongei," akamwambia Joyce.

"Si bwana yangu. Ni shemeji. Anaongea, lakini amekuja mbali na kiti chake, ana huzuni ya kiti."

Ouma akacheka mpaka akakohoa. Akauliza safari ni ya nini, tukamwambia njia. Akaacha kupepea jiko.

"Kwa kampuni njia zote zilikuwa na namba," akasema. "Hata punda alijua yake. Lakini mimi niwaambie, njia haihitaji karatasi. Walibomoa kambi moja ya zamani, wakapanda chai juu. Miaka ikapita. Sisi wachumaji tulijua kabisa hapa palikuwa barabara, hapa palikuwa mlango wa fulani, kwa sababu chai ya hapo haikui. Udongo umekanyagwa na watu miaka na miaka, mizizi itaingilia wapi? Baba yangu alifia kambi hiyo. Mlango wake ni mstari wa chai fupi. Nilikuwa nikifika hapo nachuma polepole."

Niliitikia kichwa nikaendelea kutafuna. Nilifikiria baba yake, nikafikiria mvua, nikafikiria kama nilifunga mlango wa kuku. Ninaandika hivi ili mjue kwamba mtu anaweza kuwekewa jibu mkononi, likiwa na ndimu na pilipili, akatupa gunzi na kuomba maji ya kunawa.

Kwa mama mkwe, karibu na Silibwet

Tulifika Bomet ofisi zimefungwa, tukaenda kulala kwa kina Joyce. Sikuwa nimekanyaga pale tangu mazishi. Mama mkwe wangu ni wa zamani. Kwake mkwe hapeani mkono na mama wa mke wake, wala hamtazami usoni, na maneno kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo mimi nilikaa chumba cha mbele, yeye akakaa jikoni, mlango wazi, na Joyce akasimama katikati kama nguzo ya simu.

Chakula kilikuwa kingi hadi nikaona aibu. Ugali, mboga za kienyeji zilizolala kwenye maziwa, kuku, na mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu ambacho nilikijua, kwa sababu Rodah ndiye aliyekishonea ule ukanda wa shanga kabla sijamwoa. Mama aliuliza ng'ombe wangu. Joyce akaleta swali, nikajibu, Joyce akapeleka jibu. Akauliza mvua. Akauliza kanisa. Kisha nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Mwulize mgeni," mama akasema, na nilimsikia vizuri kabisa, "kama ile njia ingekuwa wazi, ingechukua dakika ngapi."

Joyce hakulirudia. Alisimama tu pale mlangoni akitazama sakafu.

"Sijui, mama," nikasema, moja kwa moja, jambo ambalo si la adabu. "Hakuna aliyewahi kuipima."

"Mwambie akijua aniambie," mama akasema. "Hata kama ni neno baya. Mimi kila asubuhi natembea nayo hapa kwenye boma, nikikisia."

Blanketi langu lilinifaa usiku huo, Joyce acheke asicheke.

Bomet, kwenye foleni isiyo yetu

Asubuhi tulifika mapema tukakuta foleni ndefu, nikasema ni dalili nzuri, watu wanapenda njia. Tulisimama mpaka jua likatuchoma visogo. Wamama walio mbele yetu walikuwa wakilalamika juu ya karo, nami nikaitikia kwa huruma, nikidhani ni mazungumzo ya kupitisha muda. Tulipofika mezani kijana akaniuliza jina la mwanafunzi.

"Mwanafunzi gani?"

"Wa basari ya karo, mzee. Yuko kidato cha ngapi?"

"Mimi mwenyewe niliishia cha nne," nikasema, na foleni nzima ikacheka. Joyce aliniburuta kwa mkono wa koti. Nilimsikia akicheka pia, mara ya kwanza tangu msiba, nikafurahi kuwa mjinga.

Idara tuliyoitafuta ilikuwa nyuma, chumba kidogo. Afisa alikuwa msichana anayeitwa Chebet, kompyuta mbili mbele yake na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani. Akasoma barua yetu yote. Akairudia. Kisha akatutazama kama mtu aliyeletewa wageni aliokuwa amekata tamaa nao.

"Mnajua nimekaa na hizi ramani miezi mingapi?" akasema. "Nilizipiga skani zote, karatasi moja moja, zingine zimeliwa na panya. Ziko hapa. Bosi alisema, siku wananchi wenyewe wataomba kwa maandishi, na mwombaji atie sahihi mbele yetu, tunaziweka kwa tovuti, kila mtu aone. Hakuna kijiji kimewahi kuomba. Wote wanakuja kuomba kipande chao, tena kimya kimya."

"Sisi tunataka zote," nikasema kwa sauti kubwa.

"Sawa baba. Lakini kwanza niwaonyeshe ya kwenu, mhakikishe ndiyo." Akaniuliza namba ya shamba. Nikampa kwa kichwa; ni namba ya baba, nimeiandika maisha yangu yote.

Karatasi ilitokea kwenye kioo, ya manjano, pembe moja haipo. Niliona mto kwanza. Nikaona mashamba, yakiwa membamba kama vitabu kwenye rafu. Nikatafuta la Rono, nikalipata, nikalipitia kwa kidole kutoka chini hadi juu. Lilikuwa jeupe. Hakuna njia.

"Haipo," nikamwambia Chebet. "Njia haijachorwa."

"Ipo baba. Hii hapa." Akaikuza picha, akaweka ncha ya kalamu. "Hivi vidoti, mistari miwili pamoja. Inatoka mtoni, inapanda, inapita hapa kwa hili shamba, kwa mpaka wa juu, halafu inaingia katikati ya haya mawili hadi barabarani. Upana futi sita. Si hii ndiyo namba umenipa?"

Ilikuwa namba niliyompa. Vidoti viliingia kwenye shamba la baba yangu, vikafuata mpaka wa juu, na pale vilipotoka palikuwa kichaka cha kuku wangu.

Nilikuwa darasa la saba, likizo. Baba alileta miche ya chai, ikamtosha kujaza shamba na ikabaki. Akanionyesha mahali kwenye mpaka wa juu, akasema chimba mistari miwili hapa. Nakumbuka jembe likigonga na kurudi. Nililalamika kwamba udongo ni mgumu kama barabara. Baba akasema, "Chimba." Nikachimba, siku mbili, malengelenge mikononi, na alijivuna kwa watu kwamba kijana wake ana nguvu.

Joyce alikuwa nyuma ya bega langu. Anaijua ile chai. Amepita kando yake mara ngapi akija kumwona dada yake.

Chebet hakuwa mjinga. Alitazama uso wangu, akatazama wa Joyce, akashusha sauti.

"Baba, bado unataka ziwekwe wazi? Naweza kukuchapia hii moja, uende nayo. Nyingine zitangoja wengine waombe."

Nitawaambia ukweli, maana ni ninyi mliouliza. Nilifikiria. Nilifikiria karatasi hiyo ikiwa imekunjwa mfukoni mwangu, mimi nikishuka kwenye gari pale Sosiot nikisema, wametuzungusha, ramani haikupatikana. Mngeniamini. Mngewalaani wale wa ofisini, nami ningelaani pamoja nanyi. Rono angebaki kuwa mbaya. Baba angebaki kuwa baba.

Nikamgeukia Joyce. "Shemeji?"

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi nilikata ua wa mtu asiye na kosa."

Chebet aliweka fomu mezani. Safari hii niliijaza yote.

Kaplong, kurudi

Gari la kurudi liliingia Kaplong kujaza mafuta. Joyce alishuka, nikamfuata kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Tukaketi hotelini kwenye benchi, kila mmoja upande wake. Akaagiza chai mbili na chapati mbili. Yangu ikapoa.

"Uliichimba wewe?"

"Mimi."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Darasa la saba."

Akakata chapati yake vipande vidogo vidogo ambavyo hakuvila.

"Ulijua?"

"Sikujua, Joyce. Naapa. Nililia tu udongo ni mgumu."

Lori la majani lilipita, likapiga honi, na wote wawili tuliinua vichwa kwa wakati mmoja. Hatukutazamana.

"Kunywa chai, shemeji," akasema mwishowe. "Ikipoa sana inakuwa na ngozi, na wewe huipendi ngozi. Rodah alikuwa akikutolea."

Nikainywa. Tulipoachana Kericho, anakoishi, alinipa mwavuli wake, akasema mawingu ya kwetu hayaaminiki. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwomba. Alisema tu, "Mama anangoja hesabu yake."

Nyumbani

Siku ya pili mkaniona na jembe. Sasa mnajua. Ramani zote zikawekwa kwenye tovuti baada ya siku chache, Chebet akanipigia kuniambia, na najua wengine wenu mmeikuza ile yetu kwenye simu mpaka vidoti vikawa vikubwa kama maharagwe. Lakini ramani haisemi nani alichimba mashimo. Hilo nimewaandikia mimi.

Kung'oa chai si kazi ya mtu wa kiti. Juu ni kichaka cha magotini, chini ni mzizi unaoshika kama mtoto anayekataa shule. Siku ya tatu nikiwa kwenye shina la nne nilisikia panga likikata upande wa pili wa kichaka cha kuku. Likakata asubuhi yote, likikaribia. Saa sita matawi yakaanguka mbele yangu, akatokea Arap Rono, jasho tupu, na yai moja mkononi.

"Hili ni lako," akasema.

Nikalipokea.

"Ulikuwa unajua?" nikamwuliza.

"Nilijua. Baba aliniambia kabla hajafa."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Baba yako na wangu ni rika moja, walitoka jandoni siku moja. Mzee wangu alipoona chai imepandwa njiani hakumwaibisha mwenzake. Alifungua kwetu mpite. Mimi nimseme mtu wa rika la baba yangu, tena akiwa kaburini? Na ningekwambia, si ungesema nataka shamba lako?"

Ningesema hivyo hivyo, kwa sauti, pale kituoni, mbele yenu.

"Wanangu walipotaka kujenga," akaendelea, "nilikaa na hilo jambo siku nyingi. Nikasema majirani wataona wenyewe, wataitafuta njia ya zamani. Nikapanda kayaba. Na siku ile..." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Siku ile tulikuwa tunakula kwa watu. Ningekuwepo ningeung'oa ule ua kwa meno."

"Mimi nilienda Bomet ili uaibike," nikamwambia.

"Najua. Kila mtu alijua. Hata ng'ombe wako walikuwa wananiangalia vibaya."

Tulicheka kidogo, ikaisha haraka. Akashika shina la tano upande wake, mimi upande wangu. Tulimaliza mistari yote miwili baada ya siku tisa. Chini ya mizizi udongo ulikuwa bado umeshindiliwa, laini juu kama sakafu iliyopakwa. Marika mazima ya watu yalipita pale na ndoo, na ng'ombe, na watoto mgongoni. Nilivua viatu nikasimama juu yake, sijui kwa nini.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mlango wa jikoni, nikatazama saa, nikapanda hadi barabarani. Nikashuka, nikapanda tena, nisije nikawa nimekosea. Kisha nikampigia Joyce, ambaye alikuwa ameenda kwao, nikamwomba amwambie mama.

"Ngoja," Joyce akasema. Nikasikia simu ikipita mkono hadi mkono. Nikangoja sauti ya Joyce irudi, lakini iliyokuja ilikuwa ya mama mwenyewe, bila mtu katikati.

"Sema," akasema.

"Dakika tisa, mama."

Kulikuwa na kuku wakilia upande wake.

"Kwa mwendo wako?" akauliza.

"Kwa mwendo wangu."

"Basi yeye angefika kwa sita," akasema.

Kisha akaniuliza kama nimekula.